Mwenye Pombe Aonje

Felix alishuka kwenye gari akiwa amebeba boksi lenye mshikio, na Boke, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko, akatazama nyuma yake aone nani anashusha ndoo ya pombe. Hakuna aliyeshusha ndoo. Mzee Magige, baba mdogo wa Felix, alitoka upande wa pili mikono mitupu, akajipangusa vumbi kwenye koti huku akikwepa macho ya watu. Mkwe aliyekosa, aliyetoka Mugumu mpaka Matongo kuomba arudishiwe mke, amekuja na boksi.

"Labda ni biskuti," alinong'ona Modesta, mke wa Nashoni, mtoto wa kiume wa Boke.

"Biskuti aje nazo kwa wazee? Huyo hata angebeba kreti la soda ningesema ana akili kidogo."

Hazikuwa biskuti. Ubavuni mwa boksi alichorwa twiga aliyevaa miwani ya jua, na juu yake maandishi ya Kizungu. Felix alilibeba kwa mikono miwili, taratibu, akampita Boke na kumtupia shikamoo bila kusimama, macho yakiwa chini asije akakanyaga mavi ya ng'ombe. Viatu vyake vilikuwa vyeupe. Mtu anayeingia kwenye boma la ng'ombe na viatu vyeupe, Boke alijiambia, huyo hakuja kukaa.

Mlangoni pa gari palikuwa na jina la kambi ya watalii anakofanya kazi. Watu wa Matongo aliwaambia kwamba kule yeye ni meneja wa vinywaji. Gati, mkewe, aliyekaa naye miaka miwili, alikwisha kumweleza mama yake umeneja wenyewe: ni kuvitoa kwenye friji na kuvipeleka mezani.

*

Aliyemwita Felix ni Kisyeri, mume wa Boke. Wiki tatu nzima tangu Gati arudi nyumbani na begi lake, mzee huyo hakuuliza binti yake amekosewa nini. Aliuliza ng'ombe. Hata asubuhi ile, kabla ya misa, walikuwa wamegombana juu ya hao hao ng'ombe.

"Kumi na wanne, Boke. Wote niliwapeleka kwa kina Modesta ndipo Nashoni akapata mke. Felix akiidai mahari yake, mimi natoa wapi?"

"Utatoa bomani. Si wamo kumi na watano?"

"Nibaki na mmoja? Nichunge ng'ombe mmoja na rungu mkononi, watu wananiangalia?"

"Kwa hiyo binti yako arudi akadharauliwe, ili wewe usichekwe machungani."

"Mwanamke harudi kwao kwa sababu ya neno. Amepigwa? Hakupigwa. Amenyimwa chakula? Amenenepa kabisa."

Boke alimtazama kuanzia kofia mpaka kandambili. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na hajaona bado jambo ambalo mume huyu aliliangalia asianze kulipima kwa mkia wa ng'ombe. Kubishana naye alikwisha kuacha zamani. Siku hizi alikuwa anamdharau kimya kimya, huku anapepeta ulezi wake wa pombe, na ilikuwa inamtosha.

*

Wazee walikaa upande wa nyumba wenye kivuli. Kisyeri alitoa kiti chenye mto, kiti kimoja tu cha namna hiyo hapo nyumbani, akampa Felix, mtu wa miaka ishirini na tisa, wakati mzee Magige anakaa kwenye kigoda. Felix alitoa kitambaa mfukoni, akakifuta kiti, ndipo akakaa. Kisyeri aliona, akatabasamu. Angeona anakitemea pia angetabasamu.

"Nisikae sana, wazee wangu," alisema Felix. "Gari ni la ofisi. Nimemwambia bosi nimefiwa, saa kumi na mbili liwe limerudi kambini."

Mzee Nyangwine, kaka mkubwa wa Kisyeri na ndiye mwenye kuongoza kikao, aligeuza shingo polepole. "Umefiwa na nani?"

"Hapana mzee, ni maneno tu. Bila msiba hawakupi gari."

"Nauliza umemwambia amekufa nani. Tuko hapa wote, tujue aliyekufa ni yupi kati yetu."

Felix alikohoa. "Nilisema baba mkwe."

Kisyeri alicheka, akacheka mpaka akajifuta macho, akasema kijana huyu ana maneno. Boke, aliyekaa kwenye mkeka na Modesta karibu na mlango wa jiko, alitazama pembeni. Amezikwa mzima, bado anampigia makofi mchimba kaburi.

"Kabla ya kinywaji, neno," alisema Nyangwine. "Magige, kijana wako amekosa nini?"

"Ni neno dogo tu, mzee mwenzangu," alijibu Magige. "Liliteleza mdomoni."

"Liliteleza likamwangukia nani? Gati, njoo useme mwenyewe."

Gati alitoka jikoni, akawaamkia wazee, akasimama karibu na mkeka wa mama yake. Alikuwa mrefu, mkimya, na hakuwa na tabia ya kulia mbele za watu. "Bosi wake alikuja nyumbani na mkewe," alisema. "Nikawakaribisha, nikawapikia chai. Mke wa bosi akauliza mimi ni nani. Felix akamwambia huyu ni dada wa kazi."

"Akasema hivyo ukisikia?"

"Nilikuwa nimeshika trei, baba mkubwa. Nikawamiminia, wakanywa, nikaosha vikombe. Asubuhi nikapanda gari kuja huku."

Ilikuwa mara ya kwanza Kisyeri kulisikia neno hilo likisemwa lote. Aliacha kucheka, akaanza kuchora chini na kijiti.

"Wazee, naomba nieleze," alisema Felix. "Walikuja ghafla. Yeye amejifunga kanga iliyochanika, ananuka moshi wa mkaa. Kule kazini mtu anaangaliwa mpaka maisha yake ya nyumbani. Sasa ningesema huyu ndiye mke wangu, wangenionaje?"

"Wangekuona umeoa," alisema Nyangwine.

Magige aliinamisha kichwa. Yule mzee alikuwa na haya, masikini, na haya zake zilikuwa za watu wawili. Felix hakuwa amebaki na sehemu yake.

"Ujana huo," alisema Kisyeri, lakini sauti yake haikuwa na nguvu kama mwanzo. "Mkwe amekuja mwenyewe kukiri. Tulainishe koo basi, mambo yaishe."

*

Hapo Felix alichangamka. Alilifungua boksi, akazipanga chupa kwenye meza moja baada ya nyingine, kumi na mbili, kila moja na karatasi ya rangi yake.

"Hizi si bia za dukani, wazee. Zinaitwa krafti. Zinatengenezwa chache chache, na mafundi, kwa mikono."

"Na mimi yangu napika kwa miguu," Boke alimwambia Modesta, kwa sauti ya kutosha kufika kwa wazee.

"Na kila moja ina ladha yake. Hii ni ya kawaida. Hii ina kahawa ndani. Hii ina embe na pilipili. Hii ya asali. Hii hapa imechachishwa makusudi."

"Makusudi?" aliuliza Nyangwine.

"Ndiyo, mzee. Na ndiyo ghali kuliko zote."

Boke alifumba macho. Miaka yote aliyopika amarwa, pombe ya ulezi iliyosomesha watoto wanne, ikichacha kupita kiasi wateja walimrudishia kikombe, wengine wakaongezea na matusi. Kumbe alitakiwa kupandisha bei.

"Ziliachwa na mgeni," alinong'ona Gati juu ya kichwa cha mama yake. "Zimekaa kabatini tangu Pasaka. Hajawahi kufungua hata moja."

Felix aliomba glasi. Modesta akamletea vikombe vya plastiki na glasi mbili zilizokuwepo. Felix akainusa moja, akamrudishia, akamwambia aioshe tena maana inanuka dagaa, na povu la bia halipendi mafuta. Modesta, ambaye ng'ombe wake ndio waliokuwa wanazungumzwa hapo, aliichukua bila kunung'unika, akaenda akaifuta kwa upindo wa gauni, akairudisha. Felix aliiinua kwenye mwanga, akasema sasa iko vizuri.

"Utaratibu wake ni hivi. Tunaonja kidogo kidogo. Unanusa kwanza, halafu kila mtu anasema anasikia nini. Mwingine atasikia maua, mwingine machungwa."

"Magige anywe ya kahawa, mimi ninywe ya embe," alisema Nyangwine, "halafu tukitoka hapa tunasema tumekunywa pamoja?"

"Nilimwambia tupite senta tuchukue hata ndoo moja," alisema Magige, akiwa anaiambia ardhi.

"Haya. Kilicholetwa ndicho hicho." Nyangwine aliegemea fimbo yake. "Mwenye pombe aonje."

Ndivyo ilivyo katika nyumba hizi. Aliyeleta pombe hunywa kwanza, wote wakimwona koo likishuka, ndipo wengine nao washike. Wanaita kutoa sumu, na hufanywa hata pale ambapo hakuna anayefikiria sumu. Mtoto wa miaka saba anajua.

"Mzee, hizi zina vizibo vya kiwandani," alisema Felix.

"Hata mimi nina kofia, na bado watu hawaniamini. Onja."

Felix alifungua ile ya kawaida, akamimina, akanywa, akasema ni nzuri. Alikuwa anaanza kumgawia Magige, ndipo Boke akasema kutoka mkekani. Kwa kawaida wanawake hawakuingilia kikao cha wazee, lakini Boke alikuwa na ruhusa moja isiyoandikwa, nayo ni pombe. Kata nzima walikuwa wanamwachia yeye neno la mwisho juu ya pombe.

"Hiyo imeonjwa," alisema. "Na hizo nyingine?"

"Mama, si ni zile zile?"

"Umesema mwenyewe kila moja na ladha yake, kila moja na fundi wake. Chungu kimoja huonjwa mara moja. Hivyo ni vyungu kumi na viwili."

Nyangwine alitikisa kichwa kukubali. "Mama Nashoni amesema kweli. Endelea, mura," akamwambia kijana.

Boke hakuwa na hila kubwa. Alitaka tu kijana azinywe zote, ulimi ulegee, wazee wasikie kwa masikio yao jinsi anavyowaona. Na kama gari la bosi litalala Matongo, hiyo ni juu ya aliyemzika baba mkwe.

Felix alitazama saa ya simu. Akafungua ya kahawa, akameza, uso ukamkunjamana kidogo. Akafungua ya embe na pilipili, akameza, macho yakalowa. Bado hakuacha kueleza: hii inashuka taratibu, hii inaacha joto kooni. Alikuwa amezisoma zote kwenye menyu. Kisha akafungua ile iliyochachishwa makusudi, akaijaza mdomoni kwa kujiamini, na pale pale akaitema yote kwenye beseni la kunawia mikono.

Modesta aliacha kutafuna. Magige alifunika uso kwa kiganja. Mahali hapo wazee wana haki ya kumpulizia pombe mtoto wanayembariki, lakini mkwe kutema pombe mbele ya baba wa mke wake, tena pombe aliyoileta yeye, hilo halikuwa na jina.

"Msishtuke," alisema Felix, akijifuta kidevu. "Ni utaalamu. Wazungu wakionja nyingi hivi wanatema, hawamezi. Na mimi naendesha."

"Umekuja kuomba mke na injini inaunguruma," alisema Nyangwine. "Umeona nini humo ndani?"

"Hakuna kitu, mzee."

"Kama hakuna kitu, mbona hakikupita kooni?"

Felix aliisukuma ile chupa pembeni. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana mdogo kwenye kile kiti chenye mto.

"Nipeni mimi niinywe," alisema Kisyeri, akinyoosha mkono mezani. "Mimi simwogopi mkwe wangu. Nipeni tumalize."

Nyangwine aliuzuia mkono wake kwa fimbo. "Kaa chini, mdogo wangu. Usitie aibu kuliko hii iliyopo."

*

Wazee watatu waliongea pembeni ya nyumba kwa muda, na Magige ndiye aliyeonekana kuongea kidogo zaidi. Waliporudi, Nyangwine alisema maamuzi akiwa amesimama. Aliyeleta pombe akaitema mwenyewe ameivunja meza. Hawezi kudai mke leo, na hawezi kudai ng'ombe. Gati atabaki kwa baba yake, na ng'ombe wabaki walipo.

Boke aliubana mdomo asije akapiga kigelegele. Bila kutoa hata ndama, binti amebaki. Alimtazama mumewe, akamwona anavuta pumzi ndefu, tayari anahesabu ng'ombe wake waliopona. Raha iliyoje, hata huyu leo amefaidi bila kufanya kazi.

"Baba mkubwa," alisema Gati, "naomba kuuliza."

"Uliza."

"Akirudi na pombe nyingine, akaionja, akaimeza?"

"Hapo tutakuwa hatuna neno, binti yangu. Tutakunywa, na wewe utarudi naye."

"Hata kesho?"

"Hata kesho."

Felix alisikia hivyo, akanyanyua kichwa. "Basi kesho naleta ndoo," alisema. "Hata mbili. Si kumbe ni kumeza tu?"

Gati alisogea kwenye meza. Aliichukua ile ile chupa aliyoitema Felix, akaitazama kwanza, na mama yake akajua anachotaka kufanya.

"Gati, weka chini," alisema Boke. "Mwanangu, tumeshashinda. Weka."

Gati alikunywa. Wazee wote waliliona koo lake likishuka. Alifika nusu, akapumzika kidogo kwa ukali wa kile kitu, akaimalizia, akaiweka chupa mezani taratibu.

"Ni chachu," alisema, "lakini haina kitu. Mzee Magige, pombe yenu ni safi, msije mkasema tuliwasingizia sumu. Sasa imeonjwa. Na mimi siendi naye. Siendi kwa ndoo, wala kwa chungu, wala kwa kumeza. Simtaki."

Boke alihisi moyo unapasuka kwa hasira. Mjinga huyu. Mlango ulikuwa umeshafungwa vizuri, ufunguo uko mkononi mwa wazee, na yeye ameenda kuufungua ili aseme ukweli. Nani alimwomba ukweli? Ukweli ungengoja mpaka Felix achoke kuleta ndoo. Sasa kilichobaki ni mwanamke amemkataa mume mbele ya wazee wa pande mbili, na kila mtu pale alijua maana yake.

"Kama ni hivyo," alisema Nyangwine kwa sauti ya kuchoka, "hakuna tena suala la pombe. Ni mahari kurudi."

Modesta alianza kulia chini chini, kwa kuwa aliona macho yote yatamgeukia yeye. Felix alikuwa amekwisha kuanza kuzirudisha chupa ambazo hazijafunguliwa kwenye boksi, nane, akizipanga kwenye vishimo vyake. "Mimi sikutaka tufike huku," alisema. "Lakini kama ndiyo hivyo, ng'ombe zangu ni kumi na nne. Na nitachagua mwenyewe, maana najua huku mtu anaweza kupewa vikongwe."

Kisyeri alinyanyuka. Boke alimjua anapoelekea: atamfuata Gati na kile kijiti, au atampigia magoti mkwe. Alijiandaa kwa yote mawili, na kwa yote mawili alikuwa na maneno. Mzee alimpita Gati bila kumgusa, akaenda mpaka kwenye uzio wa boma, akasimama kule akiwaangalia ng'ombe wake mmoja mmoja. Alikaa sana. Mpaka Magige akaanza kukohoa.

Aliporudi alisimama mbele ya kile kiti chenye mto.

"Wapo," alisema. "Jumatatu aje Magige, achague kumi na wanne anaowataka. Hata wale wa maziwa. Wewe usije."

"Kwa nini nisije, mzee? Ni mali yangu."

"Kwa sababu nitakupiga," alisema Kisyeri, "na kwa umri huu sitaki kesi."

Hakupandisha sauti. Felix alimtazama Magige, Magige akatazama gari. Walipoondoka vumbi lilibaki hewani, na Kisyeri akakaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti, mtu mwenye ng'ombe mmoja. Boke alitafuta neno la kumdharau, kama alivyozoea. Alitafuta sana, hakulipata.